Mdogo wangu amekamatwa mara tatu na bado anatumia unga. Marufuku inamsaidia nani?

«Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tanga. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, anatumia unga tangu akiwa na 20. Amekamatwa mara tatu. Mara mbili tulimtoa kwa fedha, na ile ya pili mama aliuza cherehani yake. Mara ya tatu alikaa gerezani miezi saba, akatoka amenenepa, tukashukuru Mungu. Mwezi haukuisha akarudi kulekule. Sasa mtaa wetu umeitisha kikao, wanataka maskani yao ivunjwe na wote wakamatwe. Wiki hiyohiyo nikasikia mtu redioni anasema eti sheria za kukataza dawa za kulevya ndizo zinazoua watu, na mtumiaji asifungwe. Nilikasirika. Kama jela ipo na wanabwia hivi, ikiondolewa si tutakwisha? Lakini usiku sikulala, maana najiuliza hiyo jela imemsaidia nini mdogo wangu. Naomba jibu la kweli, si la kunifurahisha.»

Dada, pole sana, na mama mpe pole zangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: moja la sheria, moja la mdogo wako. Nitaanza na la sheria kwa sababu ndilo lililokunyima usingizi, lakini la mdogo wako ndilo lenye haraka. Ukiwa na dakika tano tu, ruka usome pale ninapozungumzia siku za kwanza baada ya gereza na pale mwishoni ninapotaja dalili za hatari. Mengine yatakusubiri.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Unga tunaouzungumzia hapa ni heroini. Mtu akisema redioni «mtumiaji asifungwe», wengi husikia «unga uuzwe dukani karibu na sukari». Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ureno waliondoa kifungo kwa mtumiaji Julai 2001, na mpaka leo unga ni marufuku kule. Polisi akikukuta nao anauchukua. Kama ulichobeba hakizidi matumizi ya siku kumi, hupelekwi mahakamani. Unaitwa mbele ya jopo dogo la watu watatu, wenye taaluma kama sheria, saikolojia na ustawi wa jamii, wanakuuliza unaishi vipi na kama unataka tiba. Anayeuza bado anafungwa. Kwa hiyo ukiniuliza «ikiondolewa», nitakuuliza na mimi: ikiondolewa nini? Marufuku ya biashara, au pingu za mgonjwa? Kuna watu wenye akili zao wanaotaka vyote viwili viondoke. Mimi si mmoja wao, na nitaeleza kwa nini. Lakini hoja zao kuhusu madhara ya marufuku nimeziona kwa macho yangu, kwanza wodini, baadaye kwenye dirisha la methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga.

Sasa turudi kwenye sentensi yako: «kama jela ipo na wanabwia hivi». Hapo umeichukulia jela kama ukuta unaozuia maji. Kwako na kwangu ni ukuta kweli. Wewe ukiwaza kifungo, unawaza kazi, wanafunzi, jina la baba yako. Hofu hiyo ina kazi yake, nisikudanganye: marufuku inafanya unga uwe adimu na ghali, na kuna vijana ambao hawakuwahi kuujaribu kwa sababu hiyo tu. Ila kwa mtu aliyekwisha kunasa, hesabu ni nyingine. Heroini inamkaa mwilini saa nne hadi sita. Ikifika saa nane au kumi na mbili tangu kete ya mwisho, arosto inabisha hodi: makamasi, machozi, miayo isiyokwisha, kisha tumbo linakatika, mifupa inauma kama imepigwa nyundo, baridi na jasho kwa wakati mmoja. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Sheria inamtisha kwa kifungo cha miaka ijayo, na yeye anaishi kwa saa. Hakuna adhabu utakayoiandika kwenye karatasi ikawa na nguvu kuliko arosto ya alasiri hii.

Kwa hiyo kwa mtu kama mdogo wako jela haizuii. Inafanya nini basi? Hapa ndipo wanaopinga marufuku wana hoja nzito, na inastahili kuelezwa taratibu.

Chukua bidhaa yoyote inayotakiwa na watu, kisha ifanye haramu. Anayeisafirisha atataka nini? Atataka iwe ndogo na kali, ili afiche kidogo auze kwa kingi. Marekani walipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, bia ilipotea haraka kuliko pombe kali. Nani ahatarishe maisha kubeba pipa la bia wakati chupa ya wiski inaingia kwenye koti? Kwenye pwani yetu jambo hilohilo limepita mbele ya macho yetu. Wazee wa Mombasa na Malindi wanaikumbuka «brown sugar», ile heroini ya kahawia iliyokuwa ikichomwa na kuvutwa moshi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kuingia nyeupe, safi zaidi, inayoyeyuka kwenye maji, na sindano ikafuata. Majahazi yanayotoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistani, hayakuwa na sababu ya kubeba kitu hafifu.

Na kwa kuwa ni haramu, hakuna anayepima. Chupa ya bia imeandikwa asilimia ngapi ya kilevi kimo ndani. Kete haijaandikwa kitu. Leo ina unga kidogo na takataka nyingi, kesho pusha amepata mzigo mpya haujachanganywa, na mteja yuleyule anatumia kiasi kilekile. Nimewahi kupokea vijana wawili wa kijiwe kimoja usiku mmoja, na wote walikuwa wazoefu. Hawakuwa wamezidisha kwa uroho. Walitumia kama jana, ila kete haikuwa ya jana.

Kuna jambo jingine lililoonekana Dar es Salaam mwaka 2005, na lilipoandikwa wataalamu wa nchi nyingine walidhani ni hadithi. Mtu anajidunga, kisha anavuta damu yake mwenyewe irudi kwenye bomba la sindano, na bomba hilo lenye damu anampa mwenzake aliye kwenye arosto ajidunge, akiamini damu ile bado ina unga. Wenyewe waliita «flash». Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa wanawake, na kwao ilikuwa ni huruma: huwezi kumtazama mwenzako anagaragara nawe umeshapata. Usishangae basi kwamba VVU miongoni mwa wanaojidunga, Tanzania na Kenya, viko juu mara kadhaa kuliko kwa watu wengine. Unaweza kusema hayo ni matokeo ya unga, si ya sheria. Ni kweli nusu. Unga ndio unaoleta arosto. Lakini bei inayofanya watu wawili wategemee kete moja inatokana na uharamu. Na kijana anayejua kwamba akipekuliwa na sindano mfukoni ameisha, hatembei na sindano yake. Ataazima ya kijiweni.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu gereza, kwa sababu hapa ndipo alipo mdogo wako.

Ulisema alitoka amenenepa mkashukuru. Familia zote hushukuru. Mwili unaotumia unga kila siku hujenga uzoefu, hadi mtu anaweza kutumia kiasi ambacho kingekuua wewe na mimi papo hapo, naye akatembea kwenda kutafuta vyuma chakavu. Akikaa miezi bila kutumia, uzoefu ule unayeyuka. Kichwa, hata hivyo, hakijasahau kitu. Anatoka kwa geti lilelile, anapanda daladala ileile, anashuka kituo kilekile, anawakuta walewale, na anajipimia kiasi kile alichokiacha. Mwili wake sasa ni wa mtu mgeni. Kupumua kunapungua, kunapungua, kunasimama. Majuma mawili ya kwanza baada ya kutoka gerezani ndiyo yenye vifo vingi zaidi vya kuzidisha dozi, na hili limeonekana nchi baada ya nchi. Mdogo wako amepita salama kwenye daraja ambalo wengi hawakuvuka. Kama kikao cha mtaa kitampeleka mara ya nne, atatoka mara ya nne, na hiyo siku ya kutoka ndiyo ninayoiogopa kuliko siku ya kukamatwa.

Halafu kuna cherehani ya mama. Mwanasiasa akizungumzia gharama za vita dhidi ya dawa za kulevya hutaja doria, maabara na meli. Hataji cherehani. Fedha ya kumtoa mtu lupango, ile yenye risiti na ile isiyo na risiti, nauli za kwenda mahabusu, chakula cha kupeleka, siku za kazi zilizopotea, na kijana ambaye akitoka hakuna anayempa hata kazi ya kubeba zege kwa sababu alishapanda karandinga. Ukijumlisha, nyumba yenu imelipa zaidi ya ambavyo tiba ingegharimu, na hamkupata tiba. Na aliyemuuzia? Kijiwe hakikai tupu. Pusha mmoja akiondoka leo, kabla ya Ijumaa nafasi yake ina mtu, kwa sababu faida inayotokana na uharamu inalipa vizuri kuliko bodaboda. Tunavua dagaa, papa anatazama. Thailand walijaribu kumaliza jambo hilo kwa mkono wa chuma mwaka 2003. Katika miezi mitatu watu zaidi ya elfu mbili waliuawa, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha wengi wao hawakuhusika na dawa hata kidogo. Vidonge vya kulevya bado vinauzwa Bangkok.

Kama mifano ya mbali haikuridhishi, tuvuke mpaka tu. Kenya walikuwa na sheria maalumu ya kupiga marufuku chang'aa, gongo ya kwao, tangu 1980. Je, chang'aa iliisha? Iliingia uchochoroni, ikapikwa usiku, na wapishi wakaanza kuiongezea vitu ili ikolee haraka kabla askari hawajafika. Novemba 2000, Nairobi, kwenye vitongoji vya Mukuru, ile iliyoitwa kumikumi kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi, ilichanganywa na methanoli, kilevi cha viwandani chenye sumu. Watu zaidi ya mia moja walikufa, na wengine walibaki vipofu. Mwaka 2010 bunge likaifuta sheria ile na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni. Hapa wanaopinga marufuku hupenda kuishia, kana kwamba hadithi imekwisha. Haikwisha. Sheria mpya ilitaka chupa za glasi, vipimo maalumu na majengo yanayokaguliwa. Mama pima wa Mathare angetoa wapi mtaji huo? Akaendelea kupika palepale uchochoroni, na Mei 2014 watu kwa makumi wakafa tena, Embu, Kiambu na kwingineko, kwa methanoli ileile. Mimi mfano huu unanifundisha kuliko ule wa Ureno: kuharamisha kuliipa sumu nafasi, na kuhalalisha kwa karatasi bila kumfikia mpikaji hakukuiondoa. Na sisi huku na gongo yetu, tusiwacheke.

Kuhusu mirungi sina mengi. Simama Namanga. Upande mmoja mkulima wa Meru anakatiwa kodi, miraa yake inapanda ndege kwenda Mogadishu. Upande wa pili sheria ya 2015 inaitaja mirungi pamoja na bangi, na mtu wa Same akikutwa na shamba lake anaweza kuishia gerezani miaka mingi. Jani ni lilelile. Sisemi Kenya wamepatia na sisi tumekosea. Nimetibu watu walioharibiwa usingizi, ndoa na akili kwa mirungi. Nasema tu kwamba mstari kati ya halali na haramu haukuchorwa na maabara.

Sasa upande wa pili wa mizani, kwa sababu uliomba la kweli.

Pombe na sigara ni halali, na zinaua watu wengi kuliko heroini, si kwa sababu ni kali zaidi bali kwa sababu zipo kila kona na kuna kampuni zinazolipwa ili zinywewe na kuvutwa zaidi. Kumbuka viroba: kipakti cha shilingi chache, mwanafunzi anakiweka kwenye soksi. Machi 2017 serikali ikavipiga marufuku, na sikuona sababu ya kuvililia. Kwa hiyo anayeniambia unga ufunguliwe biashara huria namwuliza: atakayeutangaza ni nani? Sitaki kuona bango lake.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga kura mwaka 2020 kuondoa kifungo kwa mtumiaji, na kuanzia Februari 2021 aliyekutwa na dawa kidogo alipewa karatasi ya faini ya dola mia, ambayo ingefutwa kama angepiga simu ya ushauri. Wachache mno walipiga. Vituo vya tiba vilikuwa bado havijajengwa, fedha zilichelewa, na wakati huohuo fentanili, kali mara nyingi kuliko heroini, ilikuwa inafurika barabarani. Watu wakachoka kuona wenzao wamelala kwenye mahema, na mwaka 2024 kifungo kikarudishwa. Wapinzani wa Ureno huutaja mfano huu kwa furaha. Lakini tofauti iko wazi: Ureno waliondoa jela wakaweka mlango wa kliniki mahali pake, pamoja na methadoni, sindano safi na watu wa kumshika mtu mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wanapata maambukizi mapya ya VVU zaidi ya elfu moja kwa mwaka miongoni mwa watumiaji wa dawa. Miaka kumi na tano baadaye yalikuwa makumi. Oregon waliondoa jela wakaacha tundu.

Uswisi walikwenda mbali zaidi. Baada ya bustani moja ya Zürich kujaa watu wanaojidunga mchana kweupe hadi ikafungwa 1992, tangu 1994 wakaanza kuwapa heroini yenyewe, hospitalini, chini ya macho ya muuguzi, wale wachache ambao tiba nyingine zote zimewashinda. Mwaka 2008 wananchi walipigia kura mpango huo, na asilimia 68 wakaukubali. Na hao si watu wa kupenda fujo. Waliukubali kwa sababu bustani ilirudi kuwa bustani.

Jambo moja zaidi linalonifanya niogope ushindi wa haraka. Aprili 2022 watawala wa Afghanistani walipiga marufuku kilimo cha afyuni, ambayo ndiyo inayotengenezewa heroini, na mwaka uliofuata mavuno yalianguka kwa takriban asilimia 95. Unaweza kudhani ni habari njema kwa Tanga. Lakini kiu ya mtumiaji haikauki kwa sababu shamba limekauka. Sokoni huingia kitu kingine, na kitu hicho siku hizi hupikwa maabara, ni kidogo zaidi, ni kikali zaidi. Sierra Leone mwaka 2024 walitangaza hali ya dharura kwa sababu ya kitu kinachoitwa «kush», ambacho kilipopimwa kilikutwa na nitazeni, kemikali za jamii ya afyuni zenye nguvu ya kutisha. Ndiyo sheria ileile ya wiski na bia, kwa sura ya karne hii.

Ukinibana niseme ninaposimama: mwenye jahazi, mwenye ghala na mwenye gari la vioo vyeusi wafuatwe. Mdogo wako asifungwe kwa kuwa na kete mfukoni. Akiiba, ashitakiwe kwa wizi kama mwizi mwingine yeyote, kwa maana aliyeibiwa naye ana haki. Na kwa kila senti inayotumika kumlisha gerezani, ningependa kuona ikienda kwenye nauli ya kliniki. Huo ni msimamo wangu. Wenzangu wengine wangeniona laini, na wengine wangeniona mwoga.

Kuhusu kikao chenu. Majirani zako si wabaya. Wamechoka kuibiwa sufuria na nyaya, na sindano zinaokotwa na watoto. Usisimame kuwahubiria sera za Ureno, watakuzomea, na watakuwa na haki. Waulize jambo moja: maskani ikivunjwa, watu hawa thelathini watalala wapi usiku huo? Jibu huwa ni mtaa wa pili, nyuma ya shule, au kwenye nyumba zisizomalizika. Nimeona kijiwe kikivunjwa asubuhi, na waelimishaji rika waliokuwa wamewazoea wale vijana kwa mwaka mzima wakatumia miezi miwili kuwatafuta, na wengine hawakuwaona tena. Mwombe mwenyekiti wa mtaa amwite mtu wa asasi inayofanya kazi na waraibu aje kwenye kikao, aeleze namna ya kukusanya sindano na namna ya kuwapeleka watu kliniki kwa makundi. Viongozi wengi wa mitaa hukubali wakiona kuna mtu mwingine wa kubeba mzigo pamoja nao.

Na sasa mdogo wako. Muhimbili walianza kutoa methadoni Februari 2011, Zanzibar ikafuata 2015, na mwaka huohuo wenzetu wa Malindi wakapata kliniki yao. Leo Tanzania ina zaidi ya watu elfu kumi kwenye tiba hiyo, na Tanga ipo kwenye orodha ya mikoa yenye huduma. Hailipiwi. Ni dawa ya maji, anainywa mbele ya mfamasia kila siku kwenye kikombe kidogo, kisha anaongea neno moja ili ijulikane amemeza. Anaanza na dozi ndogo, inapandishwa taratibu kwa majuma, hadi siku nzima inapita bila arosto na bila kulewa. Watakaokuambia «mnabadilisha teja wa unga kuwa teja wa methadoni» waulize kama mwenye kisukari ni teja wa insulini. Ni kweli atategemea dawa, huenda kwa miaka. Ila ni utegemezi wenye kipimo kinachojulikana, bila sindano, bila pusha, na anaweza kwenda kazini saa mbili. Si kila mtu hufanikiwa. Wengine huacha njiani, wengine huchanganya na pombe au vidonge vya usingizi, na mchanganyiko huo unaua. Mwambie hivyo bila kuficha.

Nyumba za upataji nafuu zipo pia, Zanzibar hasa, na zimewasaidia wengi wanaotaka kuacha moja kwa moja. Kabla hujalipa, nenda ukaione mwenyewe. Uliza wanamfanya nini mtu mwenye arosto, na nani ni mhudumu wa afya pale. Wakikujibu kwamba hufungwa mnyororo hadi apone, ondoka. Na kumbuka niliyosema kuhusu gereza: anayetoka kwenye nyumba hizo baada ya miezi minne naye ana mwili mgeni.

Akishaanza methadoni na akakamatwa, pigieni kliniki simu siku hiyohiyo. Akikosa dozi siku kadhaa hawezi kurudia palepale alipoishia. Lazima apimwe na kushushwa, vinginevyo dozi yake mwenyewe inaweza kumuua. Kama tayari ana kesi, tafuteni msaada wa kisheria kwa mtu ana kwa ana. Sheria yetu inatofautisha sana anayetumia na anayesafirisha, na namna shitaka linavyoandikwa ndiyo tofauti ya miezi na miongo. Hilo mimi siwezi kulifanya kwa maandishi.

Dalili za kumkimbiza hospitali bila kusubiri asubuhi ni hizi: haamki ukimwita na kumfinya, anakoroma kwa sauti ya maji kooni, midomo na kucha zimekuwa za bluu au kijivu, anavuta pumzi moja kwa sekunde kumi au zaidi. Msimwagie maji, msimpe maziwa, msimchome chumvi. Mlaze ubavu asijitapikie, kaa naye, na ukifika sema ukweli mlangoni: «Ametumia heroini.» Ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi kwa dakika chache, lakini muuguzi hawezi kuitumia kama mmemwambia ni malaria. Wengi wamekufa kwa sababu ya aibu hiyo, na kwa sababu waliokuwa nao kijiweni walikimbia wakiogopa kukamatwa. Mwambie mdogo wako asitumie akiwa peke yake, hata kama kulitamka hilo kunakuuma. Kulisema si kumruhusu.

Jumatatu, kabla hujaingia darasani, pita hospitali ya mkoa uulize dirisha la methadoni liko wapi na asasi gani inapeleka watu. Kisha nenda naye siku ya kwanza, na ikiwezekana wiki ya kwanza yote. Kinachowakwamisha wengi ni nauli ya kila siku, na mtu mwenye arosto akishika nauli mkononi ameshika nusu ya kete. Panga na bodaboda mnayemfahamu, mlipe wewe mwenyewe kwa wiki.